Kihisi-upepo cha kipenu cha motahomu: Namna ya kubadilisha sehemu zake dhaifu

MOTAHOMU ni gari lililoundwa likiwa na vitanda, jiko na choo ndani yake, ambalo mwenyewe husafiri nalo na kulala humo humo. Magari ya aina hii ni mengi Ulaya na Amerika Kaskazini. Nchini Marekani, mji wa Elkhart katika jimbo la Indiana umejipatia sifa ya kuwa kitovu cha uundaji wake, na nchini Ujerumani maonyesho makubwa ya magari hayo hufanyika kila mwaka mjini Düsseldorf.

Ubavuni mwa motahomu nyingi huwa kuna kipenu cha turubai. Mwenye gari anapoegesha hubonyeza swichi, mota ikazungusha bomba la alumini, na turubai likafunguka polepole huku likishikiliwa na mikono miwili. Chini yake hupatikana kivuli cha kupumzikia na kulia chakula. Anapotaka kuondoka, hubonyeza tena na kipenu kikajikunja.

Adui mkuu wa kipenu ni upepo. Kwa sababu hiyo, vipenu vingi vya mota huwekewa kihisi-upepo, kifaa kidogo ambacho kazi yake ni kutambua kwamba upepo umezidi na kuiamuru mota ikunje turubai, hata kama mwenyewe amesinzia au yuko mtoni akivua samaki.

Tatizo ni kwamba kifaa hicho kina sehemu nyepesi zinazovunjika upesi, na zinapovunjika aghalabu hakuna dalili yoyote ya kumwarifu mwenye gari. Kipenu huendelea kufunguka na kujikunja kwa swichi kama kawaida, naye huamini kwamba analindwa ilhali mlinzi alikwisha kufa. Ndiyo maana kubadilisha sehemu iliyovunjika ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuthibitisha kwamba kifaa kimefufuka kweli.

Nguvu ya upepo

Wengi hudhani kwamba kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake nayo huongezeka maradufu. Sivyo. Nguvu hiyo huongezeka mara nne.

Chukua mfano wa kipenu chenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 2.5, yaani eneo la mita mraba 12.5. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukiligonga turubai lote moja kwa moja, msukumo wake hukaribia uzito wa kilo 24. Upepo ukifika kilomita 40 kwa saa, msukumo huo hukaribia uzito wa kilo 96.

Turubai lililotandazwa juu halipigwi hivyo kila mara. Hata hivyo, upepo ukiingia kwa chini huliinua na kulijaza mithili ya tanga la jahazi. Mikono ya kipenu, ambayo iliundwa kubeba uzito unaoning'inia, hujikuta ikisukumwa juu. Hupinda, skrubu zikang'oka ukutani, na kipenu kizima kikarushwa hadi upande wa pili wa gari. Njiani huweza kuvunja paneli za sola na vifuniko vya matundu ya hewa paani, na mtu aliyesimama karibu huweza kujeruhiwa na bomba au mkono wa chuma.

Kipimo kinachotumiwa sana kueleza nguvu hizo ni kile kilichobuniwa mwaka 1805 na Francis Beaufort, afisa wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza. Katika ngazi ya 4, kilomita 20 hadi 28 kwa saa, vumbi na karatasi hupeperuka. Katika ngazi ya 5, kilomita 29 hadi 38, miti midogo yenye majani huanza kuyumba. Katika ngazi ya 6, kilomita 39 hadi 49, matawi makubwa hutikisika na kushika mwavuli huwa taabu.

Kanuni ya Ulaya ya EN 13561, inayohusu vipenu na mapazia ya nje ya majengo, hutumia ngazi hizo hizo. Kipenu cha daraja la 1 hutarajiwa kustahimili ngazi ya 4, cha daraja la 2 ngazi ya 5, na cha daraja la 3 ngazi ya 6. Msomaji ataona kwamba hata hiyo ngazi ya 6 si dhoruba. Ni upepo ambao mtu hutembea ndani yake bila kuogopa, ilhali turubai huwa tayari limo hatarini.

Aina mbili za vihisi

Vihisi-upepo vya motahomu viko vya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya vikombe. Nusu-vikombe vitatu hufungwa kwenye kitovu kimoja na kuwekwa juu ya paa la gari, mahali penye upepo usiozuiliwa. Upepo ukivuma, vikombe huzunguka.

Ndani ya kitovu au kwenye mhimili wake mna sumaku ndogo. Kila inapopita mbele ya swichi ya sumaku, ambayo ni kijibomba cha kioo chenye ndimi mbili za chuma, ndimi hizo hugusana na kuachana. Kisanduku cha umeme ndani ya gari huhesabu miguso hiyo. Ikizidi kiwango kilichowekwa kwa muda wa sekunde kadhaa, kisanduku huiamuru mota ikunje kipenu.

Kifaa hicho si kigeni kwa Wakenya. Ni kipimaupepo kile kile ambacho wanafunzi wa Jiografia katika shule za upili hufundishwa, na ambacho huonekana katika vituo vya kupimia hali ya hewa. Kilibuniwa mwaka 1846 na John Thomas Romney Robinson, mwanafalaki wa Armagh nchini Ireland, kikiwa na vikombe vinne. Mwaka 1926, John Patterson wa Kanada alionyesha kuwa vikombe vitatu hufanya kazi vyema zaidi, na ndio muundo uliodumu.

Aina ya pili haina vikombe. Ni kijisanduku kinachobandikwa kwenye ubao wa mbele wa kipenu, na ndani yake mna kijenzi cha elektroniki kinachohisi mtikisiko. Kisichokipima ni upepo wenyewe. Hupima jinsi kipenu kinavyorushwa juu na chini. Vingi vya aina hii hutumia betri ndogo na kupeleka amri kwa mawimbi ya redio, bila waya.

Udhaifu wenye sababu

Mwenye gari anayebadilisha vikombe kwa mara ya pili huenda akajiuliza kwa nini visitengenezwe kwa chuma kinene vikadumu. Jibu ni kwamba wepesi wa vikombe ndio unaoviwezesha kufanya kazi.

Kikombe kizito huchelewa kuanza kuzunguka upepo unapochacha ghafla, na huendelea kuzunguka hata baada ya upepo kutulia. Kifaa cha namna hiyo kingechelewa kutoa amri inapohitajika na kuitoa isipohitajika. Plastiki nyembamba huitikia upesi, na gharama ya wepesi huo ni kuvunjika.

Mambo yanayovivunja ni mengi. Miale ya urujuanimno ya jua hukausha plastiki hadi ikawa kama ganda la yai. Matawi ya miti hupiga paa gari linapopita njia nyembamba. Mvua ya mawe, theluji inayoganda na ndege wanaotua juu yake navyo huleta hasara. Isitoshe, motahomu inapokwenda kilomita 100 kwa saa barabarani, vikombe huzunguka kwa kasi kubwa kwa saa nyingi ingawa kipenu kimekunjwa, na beringi huliwa bure.

Mazingira nayo huchangia. Katika jangwa la Arizona, ambako maelfu ya wenye motahomu hukimbilia wakati wa baridi, vumbi laini huingia kwenye beringi. Kando ya bahari, chumvi hushambulia mhimili na ncha za waya.

Kimya kinachodanganya

Kikombe kimoja kikivunjika, vilivyosalia huzunguka kwa kuyumba na polepole kuliko inavyopasa, hivyo kisanduku hudhani kwamba upepo ni mdogo kuliko ulivyo. Beringi ikikwama, hakuna mguso unaohesabiwa, na kwa kisanduku sifuri ina maana moja tu, nayo ni kwamba hali ni shwari. Waya ukikatika, matokeo ni hayo hayo.

Hapo ndipo palipo na hatari. Taa ikiungua, giza humwarifu mwenyewe. Kihisi cha vikombe kikifa, hakuna kinachobadilika hadi siku ya upepo. Baadhi ya vihisi vya redio vimeundwa kwa busara zaidi: kisanduku kisipopata ishara kutoka kwa kihisi, au betri zikidhoofika, kipenu hujikunja chenyewe. Wenye magari wengi hulalamika kuwa hilo ni usumbufu, kumbe ndiyo njia pekee ya kifaa kusema kwamba kinaumwa.

Kubadilisha vikombe

Kabla ya kununua chochote, mwenye gari asome jina na nambari ya kihisi chake, ambazo kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko chini ya kifaa au katika kijitabu cha kipenu. Watengenezaji kadhaa huuza vikombe na kitovu pekee, hivyo si lazima kununua kihisi kizima.

Jambo moja lisipuuzwe. Vikombe vya mtengenezaji mwingine visitumiwe hata kama vinaingia kwenye mhimili. Robinson mwenyewe aliamini kwamba vikombe huzunguka kwa theluthi moja ya kasi ya upepo pasipo kujali ukubwa wake. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa uwiano huo hutegemea kipenyo cha vikombe na urefu wa mikono yake. Kwa hivyo, vikombe visivyo vya kifaa hicho vitazunguka vizuri machoni, lakini hesabu ya kisanduku itakuwa ya uongo.

Kazi ianze kipenu kikiwa kimekunjwa kikamilifu. Umeme wa volti 12 unaokwenda kwenye kipenu uzimwe kwa kutoa fyuzi au kutenganisha betri, ili mota isije ikaanza wakati vikombe vinaposhikwashikwa. Ngazi iwekwe mahali pasipoteleza na ishikiliwe na mtu wa pili. Si mapaa yote yameundwa kubeba mtu, kwa hivyo inafaa kazi ifanyiwe juu ya ngazi inapowezekana. Paa lenye umande au mvua lisikanyagwe kamwe.

Kitovu hufungwa kwa mojawapo ya njia mbili: kusukumwa tu kwenye mhimili, au kubanwa kwa skrubu ndogo inayofunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita. Cha kusukumwa kivutwe juu wima, bila kukipinda kando. Mhimili ukipinda hata kidogo, vikombe vipya havitazunguka sawasawa na kihisi kizima kitalazimika kubadilishwa.

Kitovu cha zamani kisitupwe mara moja. Katika miundo mingine, sumaku imo ndani yake na si kwenye mhimili. Ni muhimu kuhakikisha kwamba kitovu kipya kina sumaku yake, la sivyo vikombe vitazunguka siku nzima bila kisanduku kuhesabu hata mguso mmoja.

Mhimili upanguswe kwa kitambaa kisicho na nyuzi. Grisi isipakwe, kwa kuwa hunasa vumbi na kuligeuza tope. Beringi ipimwe kwa kuzungusha mhimili kwa vidole; ikikwaruza au kuyumba, hiyo nayo imekwisha.

Vikombe vipya vinapowekwa, matumbo yake yote yaelekee upande mmoja wa mzunguko. Skrubu ikazwe kiasi, maana kuikaza kupita kiasi hupasua plastiki. Hatimaye, pumzi ya mdomo itoshe kuvizungusha, na visimame polepole, si kwa kushtukia.

Swichi, sumaku na waya

Vikombe vikiwa vizima na kipenu bado hakiitikii, hitilafu huwa kwingine. Swichi ya sumaku, kwa kuwa ni kioo, hupasuka kwa mitikisiko ya barabara. Njia ya kuipima ni rahisi. Waya mbili za kihisi zitenganishwe na kisanduku na kuunganishwa kwenye mita ya umeme iliyowekwa kupima ukinzani. Vikombe vikizungushwa taratibu kwa mkono, mita ionyeshe njia ikifunguka na kufungika. Ikibaki wazi daima au kufungika daima, swichi au waya umeharibika. Kipimo hiki ni cha vihisi vya swichi ya kioo. Vile vinavyotumia kijenzi cha elektroniki badala yake huhitaji umeme ili vipimwe, na maelezo ya mtengenezaji ndiyo yafuatwe.

Waya huchubuka hasa mahali unapopenya paa. Maungio yake yawe ndani ya gari inapowezekana. Yakiwa nje yafungwe kwa mpira wa joto na kuelekezwa chini ili maji yasituame.

Tundu la paa lizibwe kwa uangalifu. Motahomu nyingi za Marekani zina paa la mpira wa EPDM, ambalo halishikani vyema na silikoni ya kawaida na huharibiwa na viyeyusho vitokanavyo na petroli. Itumike gundi iliyoidhinishwa kwa paa hilo. Mtu anayebadilisha kikombe cha plastiki na kuacha paa likivuja atakuwa ameondoa hasara ndogo na kukaribisha kubwa, kwa sababu maji yaliyoingia kati ya kuta hizo huozesha mbao pasipo kuonekana.

Kihisi cha mtikisiko

Katika aina hii, kinachoharibika kwanza si elektroniki bali kishikizo cha plastiki kinachokibana kifaa kwenye ubao wa mbele, pamoja na mpira unaozuia maji. Kishikizo kikilegea, kifaa huyumba peke yake na kukunja kipenu ovyo, au huanguka barabarani.

Betri zibadilishwe kila mwanzo wa msimu bila kusubiri zife, na zote kwa pamoja. Ya zamani isichanganywe na mpya. Ncha zenye ukungu wa kijani zisuguliwe, na mpira wa kuzuia maji ukaguliwe kabla ya kufunga. Kifaa kirudishwe mahali pale pale na katika mwelekeo ule ule, kwa sababu hesabu yake ya mtikisiko hutegemea jinsi kilivyolala.

Majaribio

Siku ya utulivu, umeme urudishwe na kipenu kifunguliwe nusu. Kwa kihisi cha vikombe, mtu mmoja avizungushe kwa kasi kwa mkono au kwa kikausha nywele kilichowekwa kwenye hewa baridi, huku mwingine akiangalia kutoka umbali salama. Kwa kihisi cha mtikisiko, ubao wa mbele utikiswe juu na chini kisha mtu aondoke chini yake. Kipenu kijikunje bila swichi kuguswa. Kisipojikunja, kazi haijaisha.

Visanduku vingi vina kidude cha kuchagua kiwango cha upepo. Inafaa kuanza na kiwango cha chini. Kishawishi cha kukipandisha ili kipenu kisisumbue ni kikubwa, lakini anayekipandisha hajaliongezea turubai nguvu yoyote. Amemchelewesha mlinzi tu.

Jaribio hili lirudiwe mwanzoni mwa kila msimu wa safari na baada ya kila dhoruba. Halichukui dakika kumi. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta: bei ya vikombe vipya ni sehemu ndogo mno ya bei ya kipenu, sembuse ya ukuta wa gari ulioraruliwa.

Mipaka ya kifaa

Hata kihisi kipya kabisa kina mipaka. Kwanza, hungoja upepo uzidi kwa sekunde kadhaa kabla ya kutoa amri, na baada ya hapo mota huhitaji muda kukunja turubai lote. Upepo wa ghafla utanguliao mvua ya radi haungoji. Unaweza kupinda mikono kabla kipenu hakijafika nusu.

Pili, kifaa hutegemea umeme. Betri ya gari ikiisha, au swichi kuu ikizimwa kwa nia ya kuokoa umeme, kihisi na mota hulala pamoja.

Tatu, kihisi-upepo hakijui mvua. Maji yakituama juu ya turubai lililolala sawa, uzito wake huweza kupinda bomba pasipo upepo wowote. Dawa yake ni kushusha upande mmoja wa kipenu ili maji yatiririke.

Nne, kitu kilichofungwa kwenye kipenu, kama vile kamba za kukifunga ardhini, ukuta wa kitambaa au nguo zilizoanikwa, huzuia kisijikunje. Mota ikivuta dhidi ya kamba, kitakachokatika ama ni turubai ama ni gia za mota. Anayefunga kamba hizo azime kwanza kazi ya kujikunja, na akumbuke kuwa tangu hapo mlinzi ni yeye mwenyewe.

Kwa hivyo, kihisi-upepo ni cha kumsaidia aliyepitiwa kwa muda mfupi, si ruhusa ya kwenda mbali. Kipenu kikunjwe kila mwenyewe anapolala, anapoondoka kambini, na wingu jeusi linapoanza kupanda, hata kama vikombe vilibadilishwa jana.